Komati na wenzake: kituo kizee cha umeme kifungwe lini?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mbinga, ambako malori ya makaa ya Ngaka hayaishi barabarani. Nimesoma kwamba Afrika Kusini ilikifunga kituo cha Komati Oktoba 2022, nchi ikiwa kwenye mgawo mkali wa umeme, na baadaye waziri wao wa umeme akalaumu uamuzi huo. Vituo vingine vya umri unaokaribiana na huo vimeongezewa muda hadi 2030. Wanafunzi wangu wamegawanyika makundi mawili. Kituo kizee kinapaswa kufungwa lini, na wenzetu walikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, nzuri, na salamu kwa wanafunzi. Tuanze na hesabu, maana hesabu peke yake itamaliza nusu ya ubishi wao.

Komati ipo mkoa wa Mpumalanga, kwenye ukanda wa makaa ya mawe. Ilijengwa na mashine tisa: tano za megawati 100 na nne za megawati 125, jumla megawati 1,000. Mashine ya kwanza iliwashwa 1961, ya mwisho 1966. Lakini tarehe 31 Oktoba 2022, siku ya kufunga, iliyokuwa ikizunguka ni mashine moja tu, namba 9. Nyingine zote zilikuwa zimeshastaafishwa kabla yake. Sasa, Eskom, shirika la umeme la huko, hupanga mgawo kwa ngazi, na kila ngazi ni megawati 1,000 wanazonyimwa wateja. Mashine ya megawati 125 ni sehemu moja ya nane ya ngazi moja. Mwaka huo nchi ilifika ngazi ya sita.

Wiki moja tu kabla ya hapo, tarehe 23 Oktoba, kituo cha Kusile kilipata ajali. Kusile ni kipya kabisa, mashine zake sita zimesanifiwa kutoa megawati 4,800, na wakati huo ujenzi ulikuwa haujakamilika. Njia ya moshi ndani ya dohani ilielemewa na uji wa chokaa (inayotumika kuondoa salfa kwenye moshi) na majivu uliogandamana humo, ikaporomoka. Mashine tatu zikatoka kazini kwa karibu mwaka mzima, zaidi ya megawati 2,000. Kwa hiyo katika mwezi uleule nchi ilipoteza megawati mia na kitu kwa kumstaafisha mzee, na zaidi ya elfu mbili kwa kijana kuvunjika. Magazeti yaliandika sana juu ya mzee.

Kundi la wanafunzi wako wanaosema kufungwa kwa Komati kuliongeza giza, waonyeshe hesabu hiyo. Halafu lile kundi la pili lisishangilie mapema, kwa sababu kuna kosa kubwa lililofanyika Komati, ila halikuwa la megawati. Nitalifikia.

Kwanza tukubaliane uzee wa kituo ni nini. Watu huhesabu miaka tangu kuzinduliwa. Sisi tunahesabu saa za kufanya kazi na idadi ya mara mashine ilivyozimwa na kuwashwa. Mabomba na vichwa vya mvuke (mabomba mapana yanayokusanya mvuke) kwenye boila, chombo kinachochemsha maji yawe mvuke, hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 540 hivi za Selsiasi, chini ya mgandamizo mkubwa. Kwenye joto hilo chuma hakibaki kama kilivyo: kinanyooka polepole, kidogo mno kwa jicho, hadi kinapata vitundu vya hadubini ndani yake na mwishowe ufa. Wasanifu huvipa vyuma hivyo umri wa saa 100,000 hadi 200,000. Mwaka una saa 8,760. Mashine isiyopumzika kabisa ingemaliza saa 200,000 kwa miaka 23 hivi. Hapo mwambie mwanafunzi akokotoe mwenyewe, halafu muulize kwa nini kituo cha 1961 kilikuwa bado kinafanya kazi 2022.

Jibu la kwanza: vyuma hubadilishwa. Unaweza kufungua boila, ukatoa mabomba yote ya sehemu ya joto kali na kuweka mapya, na turbaini, ile inayozungushwa na mvuke, ikapata mapanga mapya. Kinachobaki cha zamani ni jengo, msingi na jina. Jibu la pili linahusu Komati zaidi: kituo hicho kililala. Miaka ya 1980 Eskom ilijenga kupita mahitaji, na kufikia 1990 ilikuwa imezima Komati, Camden na Grootvlei na kuviweka akiba. Kwa miaka karibu ishirini chuma cha Komati hakikuchoka kwa joto. Kiliweza kupata kutu, ambayo ni ugonjwa mwingine, lakini saa zake zilisimama. Kwa hiyo ukisikia “kituo cha miaka 61”, toa hiyo miaka ya usingizi kwanza.

Kwa nini kiliamshwa? Hapa ndipo penye hadithi yote ya umeme wa Afrika Kusini. Mwaka 1998 serikali ilitoa waraka wa sera uliosema wazi kwamba ziada ya umeme itakwisha ifikapo 2007 ikiwa hakutajengwa vituo vipya. Eskom ikaomba kujenga, serikali ikakataa kwa miaka kadhaa ikisubiri wawekezaji binafsi ambao hawakuja. Mgawo ulipoanza mwishoni mwa 2007, Rais Thabo Mbeki alikiri hadharani kwamba Eskom walikuwa sahihi na serikali ilikosea. Januari 2008 migodi mikubwa ilisimama kwa siku kadhaa kwa kukosa umeme wa uhakika. Wazee watatu waliolala walikuwa wameanza kuamshwa tayari. Sasa ikawa lazima waamke wote. Ujenzi wa vituo vipya, Medupi na Kusile, ulichelewa miaka mingi na kupita bajeti vibaya. Wazee wakabeba mzigo wa vijana waliochelewa kuzaliwa.

Na waliubeba vipi? Kwa kutotengenezwa. Miaka ya 1990 Eskom walikuwa na kanuni waliyoiita 90:7:3, maana yake mashine iwe tayari kwa kazi asilimia 90 ya muda, asilimia 7 iwe kwenye matengenezo yaliyopangwa, na asilimia 3 tu ipotee kwa kuharibika ghafla. Umeme ulipopungua, kila ombi la kuzima mashine ili ifanyiwe ukarabati mkubwa lilikutana na neno moja kutoka juu: subirini. Taa zisizimike wakati wa Kombe la Dunia 2010, zisizimike wakati wa uchaguzi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, utayari wa vituo vyote vya Eskom ulikuwa umeshuka hadi asilimia 56 hivi. Karibu nusu ya mashine za nchi, kwa siku ya kawaida, zilikuwa haziwezi kutumika.

Niruhusu nikae kidogo kwenye kuvuja kwa bomba la boila, kwa sababu wanafunzi wa fizikia watalipenda na kwa sababu ndilo linaloua vituo vya makaa kuliko milipuko inayoandikwa magazetini. Makaa yanayochomwa na Eskom ni ya daraja la chini. Majivu yanakaribia theluthi ya uzito wake. Makaa husagwa yakawa laini kama unga wa sembe, yakapulizwa tanurini na kuungua yakielea. Majivu yanayobaki yanasafiri na moshi kwa kasi kupita kati ya maelfu ya mabomba, yakiyasugua. Bomba linakonda upande mmoja. Siku moja linatoboka, tundu dogo kuliko punje ya mchele, na mvuke unaotoka hapo unakata bomba la jirani kama msumeno, nalo linamkata jirani yake. Mhandisi wa zamu anaona maji ya kujazia boila yanaongezeka wakati umeme unaotoka ni uleule, anajua. Ana chaguo mbili. Azime sasa, bomba mbili au tatu ziharibike. Au aombe ruhusa, aambiwe asukume hadi kilele cha jioni kipite, na akifungua boila akute bomba kumi na tano.

Baada ya kuzima inabidi kusubiri tanuri lipoe, kufunga jukwaa ndani, kukata, kuchomelea, kupiga picha za mionzi kwenye viungo, kujaza maji na kupima kwa mgandamizo, kisha kuwasha kwa mafuta taratibu. Siku tatu ni bahati, wiki ni kawaida. Na huko kupoa na kupata joto upya ni pigo lingine kwa vyuma vinene, ambavyo nje na ndani havipati joto kwa kasi moja. Kituo kinachovuja sana kinazeeka kwa kuvuja kwake.

Lakini ujana si kinga. Medupi ilitangazwa kukamilika tarehe 31 Julai 2021. Tarehe 8 Agosti, siku nane baadaye, jenereta ya mashine namba 4 ililipuka: hewa iliingia wakati haidrojeni inayopoza jenereta haijaondolewa yote. Mashine ilikaa nje karibu miaka minne. Boila la mashine namba 3 kituo cha Duvha lililipuka Machi 2014 kwa mgandamizo kupita kiasi na halikurudishwa tena kazini. Haya ni makosa ya utaratibu na usimamizi. Hayatazami cheti cha kuzaliwa.

Basi kituo kizee kinafungwa lini? Mimi hutazama mambo ambayo hayaonekani kwenye picha. Makaa yanatoka wapi? Vituo vya Mpumalanga vilijengwa mdomoni mwa mgodi, makaa yakija kwa mkanda. Mgodi ukiisha, kituo kinabaki na makaa yanakuja kwa malori. Wewe wa Mbinga utaelewa haraka. Kwa kadirio la Eskom, kilowati-saa moja hula zaidi kidogo ya nusu kilo ya makaa. Mashine moja ya megawati 200 kama zile za Camden au Hendrina inakula tani 110 hivi kwa saa, yaani karibu malori manne ya tani 30 kila saa, mchana na usiku, kwa mashine moja. Hendrina ilijengwa na mashine kumi. Kituo kinaweza kuwa na boila zima kabisa na bado kikafa kwa gharama za barabara.

Halafu majivu yanakwenda wapi? Bwawa la majivu likijaa, kibali cha jipya kinachukua miaka. Maji je? Vituo hivi vya zamani hupoza kwa kuyeyusha maji kwenye minara ile mikubwa, zaidi ya lita moja kwa kila kilowati-saa, katika nchi kavu. Matimba na Kendal vilivyojengwa miaka ya 1980 vilikwepa tatizo hilo kwa kupoza kwa hewa. Na vipuri: ukifika mahali unapovua mashine namba 5 ili namba 6 ipate valvu, kituo kimeshajifunga chenyewe, kinasubiri tu barua.

Suala la hewa ni zito kuliko yote haya na huwa linawekwa mwisho, nami naona nimefanya vivyo hivyo. Katika vituo vyote vya makaa vya Eskom, Kusile ndicho kilichojengwa na mtambo wa kuondoa salfa kwenye moshi. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba hewa chafu ya Highveld, nyanda za juu zenye vituo hivi vya makaa, inavunja haki ya kikatiba ya wakazi kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya zao. Kituo cha miaka hamsini hakiwezi kufungiwa mtambo wa salfa kwa bei yenye maana. Utamalizika kujengwa kituo kikiwa kinafungwa. Kwa hiyo kila mwaka unaoongezwa ni mwaka wa msamaha kwenye sheria ya hewa, na anayeulipia ni mtoto mwenye pumu wa eMalahleni, mji wa makaa huko Mpumalanga.

Pamoja na hayo, Camden, Grootvlei na Hendrina vimeongezewa muda hadi 2030, na sioni kwamba ulikuwa uamuzi wa kijinga. Mpango wa umeme wa 2019 ulitaka zaidi ya megawati 10,000 za makaa zistaafu ifikapo 2030, na uliweka vituo vipya vya kuziba pengo. Pengo halikuzibwa kwa wakati. Sola kwenye mapaa imepanda ajabu, ikapita megawati 5,000 mwaka 2024, watu wakijinunulia wenyewe kwa kuchoshwa na giza. Hiyo, pamoja na kurudi kwa mashine za Kusile na matengenezo yaliyofanywa kwa umakini kuanzia 2023, ndiyo iliyowezesha nchi kukaa bila mgawo tangu mwisho wa Machi 2024 hadi mwisho wa Januari 2025. Ila sola ya paa inazama saa kumi na mbili jioni, saa ambayo majiko yanawashwa. Hapo mzee anahitajika kwa saa nne au tano. Kwa bahati mbaya ndiyo kazi asiyoiweza vizuri: boila la makaa linapenda kuwaka siku zote kwa kiwango kilekile, na kulipandisha na kulishusha kila siku ni kulichosha kwa ile njia niliyoieleza.

Kuna pia mchango ambao hauandikwi kwenye bili. Rota ya jenereta ni tani nyingi za chuma zinazozunguka mara 3,000 kwa dakika, zikienda sawasawa na hezi 50 za gridi. Kituo kikubwa kikizimika ghafla mahali fulani, uzito ule unaozunguka unaizuia gridi isiporomoke kwa sekunde chache za kwanza, hadi vituo vingine viongeze nguvu. Paneli za sola hazina kitu kinachozunguka. Zipo dawa: betri zenye vidhibiti vya kisasa, au kuiacha jenereta ya zamani izunguke bila boila, ikivutwa na gridi yenyewe, kazi yake iwe kutuliza volti na hezi. Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, na haikuanguka, lakini ilikuwa na gesi, upepo wa baharini na nyaya chini ya bahari kwenda kwa majirani. Afrika Kusini ina majirani wanaotegemea umeme wake.

Mali kubwa ya kituo kizee, kwa maoni yangu, haimo hata ndani ya jengo. Ni uwanja wa transfoma nje na nyaya za msongo mkubwa zinazoondoka pale. Jua kali la Afrika Kusini liko mkoa wa Northern Cape, ambako nyaya zimeshajaa. Miradi ya sola inapanga foleni kwa kukosa mahali pa kuunganishia. Mpumalanga jua ni la wastani, lakini nyaya zipo, zilijengwa na kulipiwa na makaa. Ndiyo maana mpango wa Komati ulikuwa mzuri kwenye karatasi: Novemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497 za kubomoa sehemu ya zamani na kuweka pale megawati 150 za sola, 70 za upepo na 150 za betri, pamoja na mafunzo kwa wafanyakazi.

Tazama tarehe, Mwalimu. Kituo kilifungwa Oktoba, fedha ziliidhinishwa Novemba. Siku mashine namba 9 inazimwa hapakuwa na shamba la sola, wala upepo, wala betri. Kulikuwa na karakana ya kuunganisha mitambo midogo ya sola ndani ya kontena, na ahadi. Wafanyakazi wa kudumu wa Eskom walipewa nafasi kwenye vituo vingine. Vibarua wa wakandarasi, mama lishe wa getini, wenye nyumba za kupangisha na madereva wa kule hawakuwa kwenye orodha ya mtu. Na hili halikuja kama radi. Kufungwa kwa Komati kulijulikana kwa miaka. Tume ya Rais ya Tabianchi ilipochunguza baadaye ilisema mipango na mashauriano na jamii yalianza kwa kuchelewa. Waziri Kgosientsho Ramokgopa, aliyeteuliwa Machi 2023, aliposema kufunga kulikuwa makosa, kwenye megawati nampinga. Kwenye mji ule siwezi kumpinga.

Kwa hiyo, kwa makundi yako mawili: kufunga mashine namba 9 kulikuwa sahihi kihandisi, na mpangilio wa hatua ulikuwa wa nyuma mbele. Sola na betri zingeweza kuanza kujengwa kwenye viwanja vya pembeni miaka mitatu kabla, fundi wa boila akifundishwa umeme wa betri huku bado ana mshahara, na mashine ya mwisho ikazimwa siku ile kitu kingine kinawashwa kwenye nyaya zilezile. Camden, Grootvlei na Hendrina sasa vina hadi 2030 kufanya hivyo. Ukitaka kujua kama muda ulioongezwa unatumiwa au unapotezwa, usisubiri hotuba. Angalia kama zabuni za vituo mbadala kwenye viwanja hivyo zimetiwa saini, na kama mkataba wa makaa umeongezwa kupita 2030. Ukiuona mkataba wa makaa wa hadi 2034, ujue jibu tayari.

Kwa zoezi la darasani, Eskom hutoa kila wiki taarifa ya hali ya mfumo, bure kwenye tovuti yao, yenye utayari wa mitambo, megawati zilizoharibika ghafla na zilizo kwenye matengenezo. Kundi moja lichukue wiki ya Juni, wakati wa baridi kali kule, lingine wiki ya Desemba. Watakuta matengenezo yaliyopangwa yanarundikwa Desemba, majira ya joto kule. Waulize kwa nini, na waulize ni nini kinatokea Juni ikiwa Desemba mtu alisema “subirini”.